Gego la mtoto lina kazi yake: jinsi nilivyompata daktari wa meno wa kijana wangu

Darasa la kwanza ni darasa la mapengo. Nafundisha watoto zaidi ya sabini katika shule moja ya msingi huku Arumeru, na haipiti wiki bila mmoja kuja mbio mezani kwangu na jino kiganjani, damu kidogo mdomoni, akitaka nimfungie kwenye karatasi aende nalo nyumbani akalirushe juu ya bati. Ni furaha ya umri ule, nami hufurahi pamoja nao.

Lakini humohumo darasani wamo wengine. Yupo anayetafuna makande kwa upande mmoja tu, kichwa ameinamisha, na kila siku ndiye wa mwisho kurudisha sahani. Yupo anayekuja shavu limevimba, amefungwa kitambaa kuanzia kidevuni hadi utosini, na kabla ya saa nne amelala juu ya dawati. Ukimwita mzazi, jibu ni lilelile karibu kila mara: "Mwalimu, hayo si ya utoto? Yatang'oka tu."

Naandika leo kwa sababu ya jibu hilo. Ndilo linaloamua mzazi atampeleka mtoto hospitali lini, kwa daktari yupi, na atakubali afanyiwe nini. Mwaka jana lilibisha hodi nyumbani kwangu. Kijana wangu wa pili, akielekea miaka sita, alianza kukataa maji ya baridi, kisha akawa anaamka usiku ameshika shavu. Nilipommulika kwa tochi ya simu nikaona tundu jeusi kwenye gego la chini kushoto.

Mtoto ana meno ishirini ya utoto. Ya mbele huanza kutoka akiwa na miezi sita hivi, na kufikia miaka mitatu kwa kawaida yote yameshajaa. Yale ya mbele ndiyo yanayong'oka mapema, kwenye miaka sita au saba, na ndiyo tunayoyaona. Magego je? Magego ya utoto hukaa hadi mtoto afike miaka kumi, kumi na moja, mengine kumi na miwili. Kwa hiyo mtoto wa miaka mitano mwenye gego lililotoboka, ukisema "litang'oka tu," unamwambia avumilie maumivu miaka mingine mitano au zaidi. Miaka hiyo ndiyo ya kukua, kujifunza kusoma, kulala usingizi wa kutosha. Na gego hilo si la kutafunia tu, linalinda nafasi. Likitolewa mapema mno, majirani zake husogea kuliziba pengo, na jino la ukubwani likija linakuta hakuna pa kukaa, linatokea pembeni au linabaki limekwama.

Haya siyo mambo ya siri, yanafundishwa. Ndiyo maana kituo cha kwanza tulichokwenda, ambacho sitakitaja, kilinishangaza. Mtoto alikalishwa kitini, akafunuliwa mdomo kwa muda mfupi, na nikaambiwa, "Tunang'oa." Sindano ya ganzi ilikuwa imeshaandaliwa kwenye sinia. Nikauliza kama haliwezi kuzibwa. "Mama, kuziba jino la utoto ni kupoteza hela." Niliuliza tena: lina usaha? Limefika kwenye kiini? Je, tusipige picha kwanza? Sikujibiwa hata moja. Nilimshukuru, nikamshusha mtoto kitini, tukaondoka. Foleni ilikuwa imefika barazani na najua mzigo walio nao watu wale. Hata hivyo swali la mzazi kuhusu mwili wa mwanawe linastahili jibu, hata la sentensi mbili.

Nisieleweke vibaya. Kung'oa si kosa siku zote. Gego likishaoza hadi kwenye mizizi, likatunga usaha, mara nyingi kulitoa ndiyo huruma. Ninachokataa ni uamuzi unaofikiwa kabla ya uchunguzi.

Nikaanza kuuliza watu. Niliwauliza walimu wenzangu, nikamuuliza muuguzi wa kliniki ya mama na mtoto, nikamuuliza mzazi mmoja ambaye bintiye alikuwa darasani kwangu na alirudi kutoka kwa daktari wa meno anacheka. Kwa huyo wa mwisho nilisikiliza zaidi. Mtoto anayekubali kurudi mara ya pili ni ushahidi mzuri kuliko bango lolote. Ndipo tukafika kwenye kitengo cha meno cha hospitali moja ya serikali, tukampata daktari wa kike, mdogo kwangu kiumri, mwenye sauti ya taratibu.

Alianza na mtoto, mimi nikafuata. Kijana akasema shikamoo kwa sauti ya kujificha. "Marahaba baba, hujambo? Umekuja kunionyesha meno yako?" Hakumlaza kiti mara moja. Alimpa kile kioo kidogo cha duara chenye mpini akishike mwenyewe, ajitazame, kisha akamwomba wahesabu pamoja. Alikuwa anagusa jino moja moja kwa ncha ya kidole, naye kijana anahesabu kwa kukoroma kwa kuwa mdomo uko wazi. Walipofika ishirini sikushtuka. Wakaendelea: ishirini na moja, ishirini na mbili. Daktari akanigeukia. "Mama, njoo uone. Haya mawili si ya utoto."

Nilikuwa nimesoma kuhusu gego la miaka sita, lakini kusoma na kuliona kinywani mwa mwanao ni vitu viwili. Linatokea nyuma kabisa, baada ya gego la mwisho la utoto, na kwa kuwa hakuna jino linalong'oka kulipisha, mzazi hana habari. Halina pengo la kulitangaza. Linachomoza kimyakimya, uso wake una mifereji mirefu inayonasa mabaki ya chakula, na linakaa mahali ambapo mswaki wa mtoto haufiki. Wazazi wengi huliona kwa mara ya kwanza likiwa limeshatoboka, wanadhani ni la utoto, wanasema litang'oka. Hilo haling'oki. Likiondoka limeondoka, na mtu ana maisha yote ya kutafunia pengo. Mzazi unayesoma hapa, kama una mtoto wa miaka sita au saba, leo jioni chukua tochi umtazame nyuma kabisa.

Lile gego bovu la utoto alilichunguza, akaligonga kidogo, akabonyeza ufizi pembeni kutafuta uvimbe, akaniuliza kama maumivu huja yenyewe usiku au huamshwa na kitu. Alitaka picha, tukapiga. Uozo ulikuwa haujafika kwenye kiini. Akasema linazibika.

Nilitega sikio kusubiri mlio wa mashine, haukuja. Alitumia vifaa vya mkono tu, vidogo, vyenye ncha kama kijiko cha sisimizi, akakwangua sehemu iliyolainika hadi akafika pagumu. Akakausha kwa pamba. Akachanganya unga na maji yake kwenye kipande cha karatasi, ukawa kama saruji nyeupe, akaujaza tunduni, kisha akapaka vaselini kidogo kwenye kidole chenye glavu na kulikandamiza gego kwa kidole hichohicho, saruji iingie hadi kwenye mifereji. Kijana alikuwa ameambiwa kabla kwamba akiinua mkono wa kushoto, daktari anasimama. Aliinua. Daktari akasimama. Alipoona neno limetimizwa, utulivu ukamjia, na aliyebaki amekunja ngumi ni mimi.

Baadaye daktari alinieleza kwamba njia hiyo ya kuziba kwa vifaa vya mkono, bila mashine na bila umeme, ilianza kutumika hapahapa Tanzania katikati ya miaka ya 1980, ikikusudiwa kwa vijiji visivyo na umeme, na kwamba mwaka 1994 Shirika la Afya Duniani likaipigia debe kwa nchi nyingine. Leo inatumika hata nchi zenye kila mashine, hasa kwa watoto, kwa sababu haina kelele na mara nyingi haihitaji sindano. Na hiyo saruji, ambayo huachia madini ya floraidi kidogo kidogo ndani ya jino, iliingizwa mwaka 2021 kwenye orodha ya dawa muhimu ya shirika hilo, pamoja na dawa ya meno yenye floraidi. Nilijisikia vizuri kusikia hivyo. Kitu kilichokuzwa nyumbani, mtoto wangu anakipata nyumbani.

Sasa niseme kuhusu maji, maana kwetu Arusha huwezi kuzungumza meno bila maji. Yale meno ya kahawia ambayo watu wa mikoa mingine hututambua nayo yanatokana na floraidi nyingi kwenye maji yanayopita kwenye miamba ya volkano. Jino linapojijenga ndani ya ufizi, tangu utotoni hadi kama miaka minane, likinyweshwa floraidi kupita kiasi linatoka na madoa. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita moja ya maji, na kuna vyanzo huku kwetu vinavyopita hapo mbali. Huko Ngurdoto kuna kituo cha utafiti kinachoshughulika na kuyapunguza madini hayo kwa kutumia mkaa wa mifupa ya ng'ombe.

Kwa sababu hiyo wazazi wengi huku wanaiogopa dawa ya meno yenye floraidi, na wauzaji wanawauzia isiyo nayo kwa bei ya juu. Mimi swali hilo nililiweka kiporo makusudi, nione daktari atalifikia mwenyewe. Alilifikia. "Maji ya kunywa mnachota wapi? Mnapika na magadi?" Nikajua nimefika. Daktari wa Arusha asiyeuliza maji yako yanatoka wapi anakupa ushauri wa mji mwingine. Magadi tunayolainishia maharage na makande yana floraidi pia, na wengi hawalijui hilo. Kuchemsha maji hakuiondoi, tena maji yakipungua sufuriani kiwango chake kinapanda. Maji ya mvua yana floraidi kidogo sana, na kama una tenki la kuyakingia, hayo ndiyo ya kunywa na ya uji wa mtoto mdogo.

Na dawa ya meno? Alisema tusiiache, tupunguze kiasi. Madoa huletwa na floraidi inayomezwa siku hadi siku, na uozo huzuiliwa na floraidi inayoligusa jino kwa nje. Kwa hiyo chini ya miaka mitatu ni kiasi cha punje ya mchele. Miaka mitatu hadi sita, kiasi cha njegere moja. Mzazi ndiye anayebana bomba, mtoto asiachiwe, maana zenye ladha ya tunda wanazilamba. Atatema povu, lakini asisukutue kwa maji mengi baada ya hapo. Na mzazi amshikie mswaki hadi afike kama miaka saba au minane, kwa kuwa kabla ya umri huo mkono wake haujaweza kufika nyuma. Kama watoto wa darasa la kwanza bado wanahangaika kuandika herufi "k", mswaki nao unawashinda.

Kuna jambo naomba tuliache, sisi wazazi na walimu pia. Tunamtumia daktari kama fimbo. "Ukilia nitakupeleka kwa daktari akuchome sindano." "Usipopiga mswaki daktari atakung'oa yote." Mtoto huyo huyo, siku anaumwa kweli, tunataka aingie chumba kile anatabasamu. Nimemwona mama akimvuta mwanawe mlangoni huku akimwambia, "Hakuna kitu, hutafanywa chochote," na dakika chache baadaye akachomwa. Mtoto yule hakulia kwa sindano peke yake. Alilia kwa kudanganywa. Mimi nilimwambia wangu kwamba daktari atatazama, anaweza kukwangua, huenda kukauma kidogo, na nitakuwepo. Yule daktari naye aliongea vivyo hivyo. Daktari akikutaka umdanganye mtoto ili kazi iende haraka, tafuta mwingine.

Vitu vingine nilivitazama haraka tu. Vifaa vilitoka kwenye pakiti iliyofunguliwa mbele yangu, glavu zilibadilishwa baada ya mgonjwa aliyetutangulia. Gharama nilitajiwa kabla ya kazi kuanza. Kama una bima uliza mapema inalipia nini kwenye meno. Na uliza leseni bila aibu: madaktari wa meno wanasajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika, na mwenye leseni hachukii kuulizwa. Vishoka wapo. Wapo wanaosafisha meno ya kahawia kwa tindikali, wapo wanaowafunga mabinti waya za urembo saluni. Meno ya mtoto si mahali pa majaribio.

Nalazimika kuligusa na la meno ya plastiki, kwa kuwa bado lipo, na mwezi uliopita limefika kwa jirani yangu. Mtoto wa miezi sita anaharisha, ana homa, analia. Anakuja mtu anafunua ufizi, anaonyesha vinundu vyeupe pale chonge zitakapotokea, anasema ni meno ya plastiki, ndiyo yanayomuua, yatolewe. Yanatolewa kwa kisu, kwa msumari, kwa spoku ya baiskeli, bila ganzi. Ndugu zangu, vile vinundu ni meno yenyewe, chonge za utoto zinazojijenga zikisubiri zamu yao. Mtoto anaharisha kwa sababu ameingiwa na vijidudu, na anachohitaji ni maji ya chumvichumvi ya ORS, dawa ya zinki na kituo cha afya. Akichokonolewa ufizi anapoteza damu, anaweza kupata pepopunda, anaweza kuambukizwa VVU, na akipona, hata chonge za ukubwani hutoka zimeharibika au hazitoki. Nimewahi kufundisha mtoto asiye na chonge za chini pande zote mbili. Bibi yake alinieleza kwa moyo safi kabisa kwamba walimwokoa. Kwa jirani yangu nilikaa hadi usiku, tukamchukua mtoto pamoja hadi zahanati, na sasa anatambaa na chonge zake zimo salama ufizini.

Na shavu likivimba, tafadhali usiishie duka la dawa. Amoksilini na panado zitatuliza, uvimbe utashuka, na chanzo kitabaki palepale kinangoja kurudi. Ukiona uvimbe umepanda hadi jicho linafumba, au umeshuka chini ya taya, mtoto ana homa, anashindwa kumeza au kufungua mdomo, hiyo ni ya hospitali siku hiyohiyo, hata kama ni usiku.

Nyumbani tulichobadilisha ni saa ya kula vitamu zaidi ya kiasi chake. Kila sukari inapoingia mdomoni, vijidudu hutengeneza tindikali inayolila jino kwa kama nusu saa. Mtoto anayenunua ubuyu getini asubuhi, akaumung'unya punje moja moja hadi saa sita, meno yake hayajapumzika asubuhi nzima. Akila fungu hilohilo mara moja baada ya chakula, madhara yanapungua sana. Kwa hiyo darasani kwangu ubuyu, pipi za kijiti na barafu za mfuko vinangoja chakula cha mchana. Usiku chai yenye sukari inaisha kabla ya mswaki, na baada ya mswaki ni maji tu. Kwa wenye wachanga, chupa ya maziwa matamu isilale na mtoto mdomoni. Meno manne ya mbele juu ndiyo yanayolipa, unayakuta yameliwa kwenye ufizi kabla mtoto hajafikisha miaka miwili.

Wengi mnaniuliza umri wa kuanza. Jino la kwanza likitoka anza kulisafisha, na kabla ya kutimiza mwaka mmoja apelekwe atazamwe. Siku hiyo hatafanyiwa lolote la kutisha, na huo ndio uzuri wake. Anakizoea kiti kabla hajapata sababu ya kukiogopa.

Yale magego mawili mapya ya kijana yatapakwa dawa inayoganda na kuziba mifereji, yakishachomoza vya kutosha. Tulipokwenda mara ya mwisho ufizi ulikuwa bado umefunika kona ya nyuma ya lile la kulia. Wakati huohuo nimemwandikia barua mwalimu mkuu: tarehe 20 Machi ni Siku ya Afya ya Kinywa na Meno Duniani, na daktari yule amekubali kuja na tabibu mmoja wa meno kuwatazama watoto wote wa darasa la kwanza, magego ya nyuma hasa. Barua imepita. Fomu za ridhaa ya wazazi nimeanza kuzigawa Jumatatu, na tayari baba mmoja amerudisha yake akiwa ameandika chini, kwa kalamu nyekundu, kwamba na yeye anaomba atazamwe.